Mficha Dawa, Figo Humuumbua

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimeifundisha methali hiyo darasani kwa miaka mingi, na kila mara nikidhani maana yake nimeimaliza. Sikujua kwamba iko siku nitaiona ikizaa mwana, na mwana mwenyewe ni huyu: mficha dawa, figo humuumbua. Leo naomba kuyaeleza yaliyonifunza hivyo, maana naamini yanawahusu walimu wenzangu na wanafunzi wetu kuliko wanavyodhani.

Nilikuwa nikifundisha pamoja na mwalimu mmoja wa hisabati ambaye sitamtaja jina. Yu hai, na amenipa idhini ya kukisimulia kisa chake, si idhini ya kumtangaza. Figo zake mbili ziliharibiwa na shinikizo la damu kabla hatujafahamiana. Dada yake anayemfuata kwa kuzaliwa akajitolea figo yake moja, naye akapandikizwa. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kumeza vidonge saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, bila kukosa. Vidonge hivyo alivificha ndani ya kisanduku cha chaki na hakumwambia mtu. Katika chumba cha walimu minong'ono haikukosekana, kwa kuwa mtu amezaye dawa kwa saa, tena kwa siri, watu humdhania jambo moja tu. Nakiri kwamba mimi nami nilikuwa miongoni mwa walionong'ona.

Muhula wa kwanza wa mwaka mmoja alishikwa na mkanda wa jeshi, ule upele wa malengelenge utambaao upande mmoja wa mwili na kuchoma kama moto. Ugonjwa huo huletwa na virusi vya tetekuwanga, ambavyo mtu akishapona hubaki vimelala katika mishipa ya fahamu, vikaamka miaka mingi baadaye kinga ya mwili ipunguapo. Mwenzangu akaenda katika zahanati ya karibu. Foleni ilikuwa ndefu, na nyuma yake walisimama wazazi wawili wa wanafunzi wake. Mhudumu akamwuliza kwa sauti iliyosikika na wote, "Mwalimu, kuna dawa nyingine unazotumia?" Naye akajibu, "Hakuna."

Neno hilo moja nusura limgharimu figo ya dada yake.

Alipewa asikloviri, dawa ya kupambana na virusi, vidonge vya miligramu 800 mara tano kwa siku. Hicho ndicho kipimo cha kawaida cha mkanda wa jeshi kwa mtu mzima mwenye figo zisizo na dosari. Maumivu yalipozidi akajinunulia diklofenaki katika duka la dawa. Kwa homa na kichefuchefu alichokuwa nacho, maji aliyakunywa kwa shida. Siku ya nne miguu ikavimba, mkojo ukawa haba, na chakula kikawa hakikai tumboni. Alipofikishwa katika hospitali kubwa, kipimo cha damu kikaonyesha kwamba kreatinini, yaani taka ambayo figo huiondoa mwilini, ilikuwa imepanda mara tatu kupita kiwango chake cha kawaida.

Hapo ndipo sote tulipoujua ukweli wa kile kisanduku cha chaki.

Naomba sasa tusimame kidogo katika somo la baiolojia, kwa kuwa pasipo kuelewa jinsi jambo hili litendekavyo, onyo langu litabaki kuwa maneno matupu. Kila figo ina vichujio vidogo mno karibu milioni moja. Katika mtu mzima mwenye afya, figo mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, kisha karibu yote hurudishwa katika damu, na lita moja na nusu hivi hutoka kama mkojo. Damu huingia katika kila kichujio kwa mshipa mwembamba, na mshipa huo ukibanwa sana, kichujio hukosa cha kuchuja.

Mwili wa binadamu haumpokei mgeni kwa wepesi. Figo ya mtu mwingine, hata iwe ya ndugu wa damu, hutambuliwa kuwa ngeni na kushambuliwa. Ndiyo sababu upandikizaji wa kwanza uliofaulu, ule wa Joseph Murray na wenzake mjini Boston, Marekani, mnamo Desemba 1954, ulikuwa baina ya pacha wawili waliofanana kabisa. Wengine wengi walilazimika kungoja zipatikane dawa za kupunguza kinga ya mwili. Mojawapo ya hizo ni takrolimasi, iliyogunduliwa nchini Japani mwaka 1984 kutokana na bakteria waliopatikana katika udongo wa eneo la mlima Tsukuba. Hiyo ndiyo dawa aliyokuwa akiitumia mwenzangu.

Walakini takrolimasi, kama siklosporini iliyoitangulia, ina tabia ya kuubana ule mshipa mwembamba uingizao damu katika kichujio. Madaktari wa Cambridge, Uingereza, wakiongozwa na Roy Calne, walipoanza kuwapa wagonjwa wa figo siklosporini mwaka 1978, waligundua kwamba dawa iilindayo figo dhidi ya mwili yaweza yenyewe kuidhuru figo hiyo. Ikipungua katika damu, mwili huishambulia figo. Ikizidi, dawa yenyewe huiumiza. Nafasi iliyoko kati ya kupungua na kuzidi ni nyembamba, na ndiyo maana wagonjwa hawa hupimwa damu mara kwa mara, si kwa anasa, bali kwa lazima.

Sasa tuitazame asikloviri. Dawa hii hutolewa mwilini kwa njia ya mkojo. Kipimo kikiwa kikubwa na maji yakiwa machache, yaweza kuganda kuwa chembe ndogo ngumu ndani ya vijia vya figo, mithili ya chumvi ibakiayo chini ya sufuria maji yakishakauka, na vijia vikaziba. Diklofenaki nayo, kama ndugu yake ibuprofeni, huuondolea mwili ule msaada wake wa asili wa kuipanua mishipa ya figo wakati wa dhiki. Basi hesabu iliyomkuta mwalimu wa hisabati ilikuwa hii: dawa ya kwanza iliubana mlango, dawa ya pili ikauzuia mwili kuufungua, na ya tatu ikauziba mfereji wa kutokea. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa sumu. Kila moja ilikuwa dawa halali, yenye kazi yake na heshima yake.

Jambo hilo la heshima nataka lieleweke vyema, nisije nikawatia watu hofu ya dawa. Alikuwapo mwanamke mmoja wa New York aitwaye Gertrude Elion. Alipohitimu katika kemia mwaka 1937, milango ya maabara ilifungwa mbele yake kwa sababu alikuwa mwanamke. Akafundisha katika shule za sekondari huku akisoma jioni ili apate shahada ya pili. Shahada ya uzamifu hakuipata kamwe kwa njia ya masomo. Hata hivyo, katika maabara aliyoingia mwaka 1944 akiwa pamoja na George Hitchings, ilitengenezwa azathioprini, dawa ya kupunguza kinga ambayo mwaka 1962 iliwezesha figo ya mtu asiye jamaa kupandikizwa na kufaulu. Maabara iyo hiyo, miaka ya 1970, ikaleta asikloviri. Mwaka 1988 Elion na Hitchings wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Mwalimu wa sekondari ndiye aliyechangia kutupa dawa ya kupunguza kinga na dawa ya kupambana na virusi. Atakayesema kwamba dawa hizo ni adui atakuwa amemkosea adabu.

Fauka ya hayo, mgonjwa aliyepandikizwa figo mara nyingi huzihitaji dawa za aina zote mbili, maana kinga iliyopunguzwa huvipa virusi nafasi. Madaktari wake humpa za virusi kwa makusudi, wakapunguza kipimo, wakamwagiza anywe maji, wakampima damu. Dawa hizo zaweza kukutana salama pakiwa na mtu anayejua kwamba zinakutana. Ajali huja zinapokutana bila yeyote kujua.

Liko na kundi la pili la hatari, ambalo halitokani na kuziba kwa vijia. Katika ini na katika kuta za utumbo mna kimeng'enya kinachozivunjavunja dawa nyingi, takrolimasi ikiwamo. Ipo dawa iitwayo ritonaviri ambayo siku hizi hutiwa katika michanganyiko kwa sababu moja mahususi: hukizuia kimeng'enya hicho, ili dawa mwenzake ikae mwilini muda mrefu. Kwa shabaha hiyo ni msaada mkubwa. Lakini mtu atumiaye takrolimasi akipewa ritonaviri pasipo kupunguziwa ile ya kwanza, takrolimasi hukosa wa kuivunja, ikarundikana katika damu kwa siku chache tu hadi kuwa mara nyingi ya kiasi kinachofaa. Wapo wagonjwa ambao, kwa kutumia dawa hizo pamoja, wamelazimika kupunguziwa takrolimasi kutoka mara mbili kwa siku hadi kidonge kimoja kidogo kwa juma. Hebu mwanafunzi wa hisabati apige hesabu: huyo angeendelea kumeza mara mbili kila siku, angekuwa amemeza mara kumi na nne mahali pa moja.

Ritonaviri haiko mbali nasi. Imo katika baadhi ya dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, hasa zile wapewazo watu ambao dawa za kwanza hazikuwafaa, ikiandamana na atazanaviri au lopinaviri. Imo vilevile katika Paxlovid, dawa ya ugonjwa wa Korona iliyoruhusiwa kutumika kwa dharura Marekani mnamo Desemba 2021. Ilipopewa idhini kamili huko Mei 2023, iliandikiwa onyo ndani ya kisanduku juu ya kuchanganywa na dawa nyingine. Tiba yake ni ya siku tano tu, na siku tano zatosha kuiumiza figo ya kupandikizwa. Tenofoviri nayo, ambayo mamia ya maelfu ya Wakenya huitumia kwa manufaa makubwa, haikizuii kimeng'enya hicho, ila kwa watu wachache huweza kuvidhuru vijia vya figo. Ndiyo sababu watumiaji wake hupimwa kreatinini. Kwa upande mwingine, rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hufanya kinyume: hukiamsha kimeng'enya, takrolimasi ikamalizwa upesi, na mwili ukaigeukia figo.

Je, basi mtu mwenye virusi vya Ukimwi hawezi kupandikizwa figo? La hasha. Katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Afrika Kusini, Dkt. Elmi Muller na wenzake walianza mwaka 2008 kuwapandikiza figo watu wenye virusi hivyo, figo zenyewe zikitoka kwa marehemu waliokuwa navyo pia. Mwaka 2015 walitoa taarifa ya wagonjwa 27, na miaka mitatu baada ya kupandikizwa asilimia 84 walikuwa hai. Wagonjwa hao walihitaji dawa za kupunguza kinga na dawa za kupambana na virusi kwa wakati mmoja. Walichokuwa nacho wao, na mwenzangu akakikosa, ni daktari mwenye orodha nzima ya dawa zao mkononi.

Hapa ndipo nafika penye kiini cha hoja yangu. Kwa nini mtu aliyesoma, mwalimu wa hisabati, aseme "hakuna" ilhali mfukoni ana dawa inayoshikilia uhai wake? Nilimwuliza swali hilo alipopata nafuu. Akanijibu hivi: "Ndugu yangu, mkanda wa jeshi peke yake ulitosha kunipa jina mtaani. Ningetaja na vidonge vya kila siku mbele ya wale wazazi, ungekuwa ushahidi kamili." Alikuwa akikimbia uvumi, na uvumi huo sisi wenzake ndio tulioupa miguu. Kwa hiyo simlaumu yeye peke yake. Mhudumu aliuliza swali la haki mahali pasipo haki. Sisi nasi tuliigeuza dawa kuwa aibu, kisha tukastaajabu kuona watu wanaificha.

Najua wako watakaonipinga wakisema kwamba siri ya mgonjwa ni haki yake. Nami nasema vivyo hivyo. Katiba yetu ya mwaka 2010 inalinda faragha ya kila mtu, na sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza kutangaza hali ya mtu pasipo idhini yake. Mwalimu mkuu hana haki ya kudai orodha ya dawa za walimu wake, wala mwanafunzi halazimiki kuwaeleza wenzake wa bweni anachomeza. Lakini faragha ni ukuta wa kuwazuia wapita njia, na tabibu si mpita njia. Anayekuandikia dawa, au anayekuuzia, akifichwa, ni sawa na fundi anayeambiwa atoboe ukuta asionyeshwe mahali nyaya za umeme zilipopita.

Basi tufanyeje? Kwanza, kila atumiaye dawa ya kila siku aandike majina yake na vipimo vyake katika kadi ndogo, aiweke penye kitambulisho chake. Anayeona haya kusema, kadi itasema kwa niaba yake, tena bila sauti. Anyooshe mkono, aionyeshe, na foleni nzima isijue lililomo.

Pili, wahudumu wa afya waulize swali lile faraghani, na waulize mara mbili. Tena wasiulize tu "dawa nyingine", bali wataje: za virusi, za kifua kikuu, za maumivu, za mitishamba, na zile zilizonunuliwa dukani. Mgonjwa wengi humaanisha kwa neno dawa kile alichopewa hospitali peke yake, asikumbuke kabisa vidonge vya kichwa alivyonunua jana.

Tatu, na hili ni letu sisi walimu, tuvunje ukimya ndani ya shule zetu. Katika mabweni wamo watoto wanaomeza dawa za virusi chini ya blanketi, wengine wakiruka dozi kwa kuogopa macho ya wenzao. Mtoto wa namna hiyo akiumwa na kichwa au mgongo, chumba cha wagonjwa cha shule humpa kidonge cha maumivu bila kumwuliza lolote, naye hatasema lolote. Shule yaweza kumtengea mahali pa faragha pa kuhifadhi na kumeza dawa, na mtu mmoja mwaminifu wa kumjua. Haigharimu fedha nyingi, ila yataka moyo.

Nne, tuufundishe mkutano wa dawa kama tufundishavyo mambo mengine ya sayansi. Mwanafunzi wetu anaweza kuichora figo vizuri na kuziandika sehemu zake zote. Huyo huyo humwona mama yake akimeza vidonge kutoka mifuko mitatu tofauti, ya kliniki tatu tofauti, asijue kwamba linahusiana na ule mchoro wake. Mwalimu wa kemia, mwalimu wa baiolojia na mwalimu wa Kiswahili wote wana nafasi hapo. Elion alipitia darasa la sekondari kabla ya kuingia maabara. Yamkini mwenzake ameketi leo katika dawati la nyuma akingoja kuulizwa swali.

Nawaomba pia wasomaji wasikimbilie kuziacha dawa zao kwa kuyasoma haya. Anayeacha takrolimasi ghafla huikaribisha mauti ya figo yake, na anayeacha dawa za virusi huvipa virusi nguvu mpya. Dawa isiachwe, isipunguzwe, wala isiongezwe kwa shauri la gazeti. Iulizwe kwa daktari aliyeiandika. Na dalili hizi zisingojwe zizidi: mkojo kupungua, miguu au uso kuvimba, kutapika kusikokoma, mikono kutetemeka kuliko ilivyo kawaida.

Mwalimu mwenzangu amerudi darasani. Asikloviri ilipunguzwa kipimo, diklofenaki ikakomeshwa, akatiwa maji mishipani, na figo ikaamka tena, ingawa si kwa nguvu zake zote za awali. Kilichopotea hakirudi, na aliyekitoa hana kingine cha kutoa. Siku niliyokwenda kumwona wodini, dada yake alikuwa ameketi kando ya kitanda, akiandika majina ya dawa za kaka yake nyuma ya kadi ya hospitali, herufi moja moja, akimwomba muuguzi amsahihishe. Hakumlaumu. Alimwuliza tu, "Kaka, kumbe uliniona mimi naona haya?"

Swali hilo halikuwa langu, lakini lilinichoma. Mimi ndimi niliyenong'ona.